Mwenye nembo ajifunze kunyima

Waya wenyewe ulipendeza machoni. Umesukwa kwa uzi mweusi, ncha zake zinang'aa, na kwenye ncha moja imechapwa nembo ya USB, ule mkuki wa matawi matatu ambao hata mtoto wa shule anautambua. Nilichomeka upande mmoja kwenye simu na mwingine kwenye laptopu yangu ya zamani ili nihamishe picha za arusi ya mdogo wangu. Zikapita dakika chache, laptopu ikatoa harufu kama ya nywele zilizoungua, na lile tundu la USB likafa. Halijafufuka hadi leo. Nilipourudisha waya kwa aliyeniuzia, aliugeuza mkononi akanionyesha ncha. "Kaka, hii orijino. Nembo si unaiona?"

Nembo niliiona, na kwa hiyo sikuwa na la kumjibu.

Nikaupeleka kwa fundi wangu wa simu. Ana kibao kidogo cha kuchomekea waya za USB-C kinachomwezesha kufikia kila pini kwa kalamu za mita. Akashika pini ya umeme upande mmoja, akashika ile pini ya mawasiliano upande wa pili, akanigeuzia kioo cha mita: karibu omu 10,000. "Hapa panatakiwa 56,000," akasema, kisha akapasua shingo ya waya kwa wembe ili nimwone mhalifu kwa macho yangu. Alikuwa punje nyeusi, ndogo kuliko mbegu ya ufuta.

Punje hiyo ni resista, kipande cha kukinza umeme ambacho ukinzani wake hupimwa kwa omu, na kazi yake hapa ni kuiambia simu ukweli. Katika waya unaotoka kwenye tundu la zamani la USB kwenda kwenye tundu jipya la USB-C, kiwango kinataka resista ya omu 56,000. Simu ikiiona, inaelewa kwamba upande wa pili kuna tundu la kawaida na kwamba haipaswi kuvuta umeme kupita uwezo wa tundu hilo. Resista ya omu 10,000 inatoa habari nyingine kabisa: inasema upande wa pili kuna chanzo kinachomudu ampea 3. Tundu la USB 2.0 limeahidi ampea 0.5, la USB 3.0 ampea 0.9. Simu haina kosa, imevuta kama ilivyoruhusiwa. Laptopu nayo haina kosa, imetoa mpaka tundu lake likakata roho. Aliyesema uongo ni waya, na juu ya uongo huo kulikuwa na nembo ya ukweli.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia swali ambalo watu wengi huwaachia mawakili: nembo ya kiwango ni mali ya nani, na huyo mwenye mali ana wajibu gani kwetu sisi tunaoiamini? Nimefikia msimamo, nao ni huu. Jumuiya inayoandika kiwango cha kiufundi na kukigawa kwa kila mtu imefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kulinda jina la kiwango hicho, maana yake kukagua kila anayeomba kulitumia na kuwa tayari kumnyima asiyestahili, hata akiwa mwanachama mkubwa anayelipa ada kubwa. Jumuiya isiyoweza kunyima haina nembo. Ina pambo.

Sheria yenyewe inaelekea huko. Nchini Marekani, ambako nembo nyingi za kiufundi zimesajiliwa, mwenye alama ya biashara anaruhusiwa kuikodisha kwa wengine kwa leseni, ila kwa sharti la kudhibiti ubora wa kinachouzwa chini ya alama hiyo. Asipodhibiti, mahakama inaweza kuamua kwamba ameitelekeza alama na haki yake imekwisha. Kesi inayotajwa sana haihusu mitambo hata kidogo, inahusu mvinyo. Kampuni ya Barcamerica ilikuwa imesajili jina "Da Vinci", ikakipa leseni kiwanda kimoja cha mvinyo, kisha ikakaa pembeni. Mwaka 2002 mahakama ya rufani ya mzunguko wa tisa ilitaka kujua ubora ulidhibitiwa vipi. Jibu lilikuwa kwamba mwenye jina alionja mvinyo huo mara mojamoja na kwamba aliamini sifa ya mtengenezaji mashuhuri wa mvinyo wa kiwanda hicho. Mtengenezaji huyo alikuwa ameshafariki. Mahakama ikaona hapakuwa na udhibiti wowote, na jina likapotea. Mwaka 2010 mahakama hiyohiyo ikaitumia kanuni hiyo kwa The Freecycle Network, mtandao wa watu wanaogawiana bure vitu walivyomaliza kutumia. Nia njema ya kutoa bure haikuwaokoa. Walikuwa wameachia jina na nembo litumike na kila kikundi bila kusimamia chochote.

Iko pia njia ya pili, alama ya uthibitisho, nayo ni kali zaidi. Mwenye alama ya namna hii haruhusiwi kuitumia kwenye bidhaa zake mwenyewe, na hawezi kumbagua mtu aliyetimiza masharti. Ni mwamuzi, hachezi. Naipenda njia hii kuliko ya leseni ya kawaida, kwa sababu tatizo sugu la jumuiya za viwango ni kwamba wanaoandika sheria, wanaouza bidhaa na wanaohukumu ubora mara nyingi ni walewale, wamekaa meza moja na wanakunywa chai moja.

Kwa hiyo kipimo cha kweli cha jumuiya ni siku inapolazimika kumnyima mtu wa nyumbani. Mfano mzuri kuliko yote niujuao ni wa CD. Kiwango cha CD ya muziki kiliandikwa na Philips na Sony mwaka 1980, na CD zenyewe zikaingia sokoni 1982. CD iliyofuata kiwango iliruhusiwa kubeba ile nembo ya "Compact Disc" iliyoandikwa kwa herufi nene, na ilikuwa na maana moja tu: weka kwenye mashine yoyote yenye nembo kama hii, itaimba. Miaka ishirini baadaye makampuni ya muziki, yakihangaishwa na watu kunakili nyimbo kwenye kompyuta, yakaanza kutoa CD zenye kinga. Kinga hizo zilifanya kazi kwa kuuvunja mpangilio wa kiwango kwa makusudi, ili mashine ya muziki isome lakini kompyuta ichanganyikiwe. Baadhi ya mashine halali za muziki zikachanganyikiwa pia.

Philips ingeweza kunyamaza. Makampuni ya muziki ndiyo yaliyokuwa yakilisha biashara nzima ya CD, na Sony, mshirika wake katika kiwango, ilikuwa na kampuni yake ya muziki iliyokuwa ikitoa hizohizo CD zenye kinga. Lakini mwanzoni mwa 2002 Philips ilisema wazi kwamba vitu hivyo si CD, kwamba havifuati kiwango, na kwamba havistahili kubeba nembo. Makampuni yakaendelea kuuza, ila bila nembo, na mnunuzi makini akapata la kuangalia dukani. Haikupita muda ikagundulika kwamba baadhi ya kinga hizo zinavunjwa kwa kupaka kalamu ya maka kwenye ukingo wa CD, pale zilipowekwa data za kuitega kompyuta. Kinga hizo zilififia baada ya miaka michache. Neno CD likabaki na maana yake.

Kumbuka kwamba Philips haikumzuia mtu kutengeneza wala kuuza alichotaka. Ilikataa jina lake lisitumike kusema uongo, basi. Nguvu yote ya alama ya biashara katika mambo ya viwango iko hapo, na ndiyo maana sikubaliani na wanaoiona alama kama kufuli la wenye pesa. Hataza, ile haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, ndiyo inayokuambia usitengeneze. Alama inakuambia tengeneza upendavyo, ila usikiite hivi mpaka kiwe hivi.

Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ilipita kwenye moto huohuo. Sun Microsystems, kampuni iliyoibuni, iliwaahidi waandishi wa programu kwamba wakiandika mara moja kwa Java, kazi yao itaendeshwa popote. Ahadi kama hiyo haina thamani kama kila kampuni itakuwa na Java yake. Microsoft ilichukua leseni mwaka 1996, kisha ikatoa Java iliyopungua sehemu fulani na kuongezwa nyingine zilizofanya kazi kwenye Windows pekee. Oktoba 1997 Sun ikaenda mahakamani, na Machi 1998 jaji akaizuia Microsoft kutumia nembo ya kulingana na Java mpaka bidhaa zake zifaulu majaribio. Mwaka 2001 wakapatana: Microsoft ikalipa dola milioni 20 na ikakubali kutotumia tena alama hiyo. Sun haikuwa malaika katika mambo yote ya Java, lakini kwa hili ilisimama mahali sahihi. Ilikuwa na majaribio yaliyoandikwa, na ilikuwa tayari kugombana na kampuni kubwa kuliko yenyewe.

Sasa turudi kwenye waya wangu.

Jukwaa la watekelezaji wa USB, USB-IF, limekuwapo tangu 1995. Nyaraka za kiwango zinapakuliwa na yeyote. Anayetaka nembo anapaswa kusaini mkataba wa leseni ya alama na bidhaa yake ifaulu majaribio. Kwenye karatasi mambo yako sawa. Shida ni kwamba umbo la tundu halihitaji nembo. Kiwanda chochote kinaweza kutengeneza kitu kinachoingia kwenye tundu la USB-C, kikauza bila nembo au kikachapa ya kuibia, na mnunuzi hana njia ya kutofautisha kwa sababu hajawahi kufundishwa nembo inamaanisha nini.

Hapo ndipo lawama yangu ilipo, na nataka niipime vizuri. Kughushi ni jinai ya mghushi. Siwezi kuilaumu jumuiya kwa kila mtu mwenye mashine ya kuchapa. Lakini nembo bandia hupata soko rahisi zaidi pale nembo halali ilipokwisha kupoteza maana, na USB-IF imechangia sana kuipotezea maana. Chukua kasi ya gigabiti 5 kwa sekunde. Kwanza iliitwa USB 3.0. Kilipotoka kiwango cha 3.1, kasi ileile ikabatizwa USB 3.1 Gen 1. Kilipotoka cha 3.2, ikawa USB 3.2 Gen 1. Majina matatu, kasi moja, waya uleule. Mtengenezaji aliyeandika 3.2 kwenye boksi hakudanganya kisheria, na mnunuzi aliyedhani amepata kitu kipya alikuwa amedanganyika vilevile. Wenzao wa HDMI, kiwango cha waya za televisheni, walifanya jambo kama hilo na toleo la 2.1, ambalo sifa zake mpya nyingi ni za hiari, hivyo televisheni inaweza kuandikwa 2.1 pasipo hata moja ya sifa ulizozifuata dukani.

Udhibiti wa ubora hauishii kwenye maabara. Bidhaa ikifaulu kipimo ambacho jina lake halieleweki, mnunuzi hajapata ulinzi wowote. Nawapa USB-IF haki yao: kati ya mwaka 2021 na 2022 waliamua nembo za mbele ya mteja ziseme kasi kwa gigabiti na nguvu kwa wati. Waya sasa unaweza kubeba maandishi ya 40Gbps na 240W, namba mbili ambazo hata bibi yangu akiambiwa "kubwa ni bora" atazitumia vizuri. Walichelewa karibu miaka kumi, na katika miaka hiyo waya zilijaa duniani.

Nani aliyekuwa mlinzi katika miaka hiyo? Mhandisi wa Google, Benson Leung, alianza mwaka 2015 kununua waya za USB-C kwenye duka la mtandaoni la Amazon na kuzipima moja baada ya nyingine, akiandika hadharani upi unafaa na upi una resista isiyo sahihi. Februari 2016 alichomeka waya mmoja ambao nyaya za umeme na za ardhi zilikuwa zimebadilishana nafasi. Ukaua kompyuta yake ya Chromebook Pixel na vifaa vyake vya kupimia. Mwezi uliofuata Amazon ikapiga marufuku uuzaji wa waya za USB-C zisizofuata kiwango cha USB-IF. Namheshimu sana Leung. Lakini jumuiya yenye makampuni tajiri kiasi kile haikupaswa kusubiri mtu mmoja aunguze mashine yake ndipo duka lichukue hatua. Kununua bidhaa sokoni kimyakimya, kuzipima, na kutangaza majina ya zilizofeli ni kazi ya mwenye nembo.

Najua pingamizi kubwa linatoka wapi, nalo ni la watu ninaowapenda: jumuiya za programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuurekebisha. Wao wameonja upande mchungu wa udhibiti. Mwaka 2006 Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, iliwaambia Debian, jumuiya inayotoa mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, kwamba wakitaka kuita kivinjari chao Firefox, watumie na nembo yake rasmi na wapeleke marekebisho yao yakaguliwe kwanza. Debian hawakuweza. Leseni ya picha ya nembo haikulingana na kanuni zao za uhuru, na kusubiri idhini kwa kila marekebisho ya usalama kungewaweka watumiaji wao hatarini. Wakakiita Iceweasel, na jina hilo likadumu miaka kumi hadi walipopatana mwaka 2016.

Wengi hulitaja tukio hili kama ushahidi kwamba alama na uhuru haviwezi kukaa chungu kimoja. Mimi nalisoma vingine. Debian hawakupoteza hata mstari mmoja wa msimbo. Kivinjari chao kiliendelea kufanya kazi kila siku ya miaka hiyo kumi. Mtumiaji aliyeona Iceweasel alijua, kwa usahihi, kwamba hiki ni kitu kilichopita mikononi mwa Debian. Kilichokuwa na kasoro ni kipimo cha Mozilla, kilichoangalia utaratibu wa idhini kuliko matokeo. Kipimo kizuri kinaendeshwa na yeyote, mahali popote, na kinatoa jibu lilelile. Kubernetes, mfumo huria wa kuendesha programu kwenye kompyuta nyingi kwa pamoja, wamekaribia hapo: tangu 2017 anayetaka kuitwa Kubernetes iliyothibitishwa anaendesha majaribio ya wazi yeye mwenyewe na kuwasilisha matokeo ambayo kila mtu anaweza kuyarudia. Hakuna wa kumbembeleza.

Ugumu unaoniumiza kichwa zaidi ni gharama. Ada za uanachama, leseni na maabara huhesabiwa kwa maelfu ya dola. Kwa kiwanda cha Shenzhen, China, kinachotoa waya milioni moja hizo ni senti. Kwa kijana wa Arusha au Kisumu anayetengeneza vifaa mia mbili vya kupima unyevu shambani ni ukuta. Akikosa nembo anaonekana sawa na tapeli, na tapeli akighushi nembo anaonekana bora kuliko yeye. Jumuiya inayotaka jina lake liheshimiwe mpaka kwenye maduka yetu inapaswa kuweka ada kulingana na idadi ya bidhaa na kukubali vipimo vya maabara zilizoidhinishwa zilizo karibu na mtengenezaji. Vinginevyo inawasukuma waaminifu wadogo upande wa walioghushi.

Tena si lazima watafute mbali mfano wa nembo inayoulizika. Kenya, bidhaa yenye alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la nchi hiyo, hubeba namba ya kibali, na mnunuzi anaweza kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 akajibiwa kama kibali hicho ni hai na ni cha nani. Hahitaji intaneti wala Kiingereza cha maabara. USB-IF na Wi-Fi Alliance wana orodha za bidhaa zilizothibitishwa kwenye tovuti zao, na ni jambo jema, lakini sijawahi kuona mteja akisimama mbele ya meza ya waya, jua linawaka, akifungua tovuti na kutafuta jina la mfano wa bidhaa ambalo halijaandikwa popote kwenye waya. Namba ichapwe kwenye waya wenyewe, kando ya nembo, na ijibiwe kwa simu ya kitochi.

Fundi wangu ameshajitengenezea utaratibu wake. Kila mzigo wa waya anaonunua kwa jumla anatoa mmoja, anauchomeka kwenye kile kibao, anasoma mita, kisha ndipo analipa. Zilizofaulu anazifunga utepe wa kijani shingoni. Juzi nilimkuta mama mmoja dukani kwake akizigeuzageuza waya mezani. Wala hakuangalia ule mkuki wa matawi matatu. "Mwanangu," alimwambia fundi, "nipe ule wa kijani."